Swichi Mbili, Taa Moja

Somo letu la leo ni historia fupi ya umeme, na swichi mbili za ngazini.

Tembe la Wagogo ni nyumba ya chini. Halina ngazi za ghorofa. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni iliyakabidhi makampuni kazi ya umeme, na kampuni ya DARESCO ikaangalia Dodoma. Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na maghorofa yakazidi kujengwa.

Mwenye ghorofa hupenda kuwasha taa akiwa chini na kuizima akifika juu. Sikiliza jinsi inavyofanyika. Waya wa moto huingia swichi ya chini. Nyaya mbili huiunganisha na swichi ya juu. Kutoka hapo waya mmoja huenda kwenye globu. Waya wa nyutro hauguswi na swichi. Huenda moja kwa moja kwenye globu.

Zamani, huko Marekani, mafundi wengine walipeleka moto na nyutro katika swichi zote mbili. Taa ilizimika, lakini umeme uliweza kubaki katika kishikio cha globu na kumrusha aliyekigusa. Njia hiyo ilipigwa marufuku katika kanuni zao mwaka 1923.

Basi kumbuka: taa kuzimika si umeme kwisha. Kabla ya kubadilisha globu, zima swichi kuu. Kazi ya nyaya mwachie fundi mwenye leseni.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.