Kingavirusi: mlinzi wa kati

Kwenye vibanda vya kuchapisha na kutoa fotokopi huko Dilala, Kolwezi, flashi ya mteja mmoja huchomekwa palipotoka ya mwenzake. Virusi hupenda njia hiyo: mtu hufungua flashi yake akakuta mafolda yamegeuka njia za mkato. Hapo ndipo huulizwa "antivirusi", neno lililotufikia kwa mlango wa Kifaransa. Kiswahili kina lake: kingavirusi.

Virusi ni neno la Kilatini. Lilipoingia kwetu, mwanzo wake ulifanana na vi- ya wingi, wasemaji wakalipa umoja: kirusi. Ndivyo kitabu cha Kiarabu kilivyopata vitabu.

Uzito wa istilahi umo kwenye kinga. Kukinga ni kuweka kitu kati: mwavuli kati ya kichwa na mvua, kiganja kati ya jicho na jua. Anti- husema "dhidi ya", basi; kinga huonyesha pa kusimama. Wapo wanaosema "dawa ya virusi", lakini dawa humfuata mgonjwa, na kazi kubwa ya programu hii hutangulia ugonjwa. Husimama kati ya faili na anayelifungua, hulilinganisha na alama za virusi vinavyojulikana, huchunguza mwenendo wake, ndipo huliruhusu lipite.

Neno lenyewe, basi, linatueleza kwa nini kompyuta huwa nzito: penye mlinzi pana kusubiri. Anayetaka kingavirusi nyepesi asitafute isiyokagua. Atafute inayokumbuka faili ililokwisha kulikagua na inayomwachia mwenyewe kupanga saa ya ukaguzi wa kompyuta nzima, hasa kwenye mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka. Maabara za AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima kasi mbali na ulinzi. Matokeo yote mawili yasomwe pamoja. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, kwa hiyo wengi wanaye mlinzi tayari. Kosa ni kuweka wawili wanaokagua kwa wakati mmoja: faili moja husimamishwa mara mbili, na usalama hauongezeki mara mbili.

Tuliseme basi neno hili madukani na shuleni: kingavirusi. Fundi akiambiwa "niwekee kingavirusi", mteja ataweza kumuuliza swali linalofaa: itasimama wapi, na itanisimamisha kwa muda gani?