Bombomu ni ya nani?

Katika Kiswahili cha zamani rashasha iliitwa bombomu, na anayelitamka jina hilo huusikia mlio kabla hajaiona silaha. Novemba 1914 watu wa Tanga waliusikia kwa masikio yao. Wanajeshi kama 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India walishuka pwani, wakapambana na jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, lenye watu kama 1,000 tu, na baada ya siku chache wakarudi melini wakiwa wameacha nyuma bunduki, risasi na bombomu kadhaa. Kisa cha nyuki waliowavamia siku ile kimesimuliwa mno, hata kikafunika jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: nani alikuwa na bombomu, na nani alikuwa na amri juu yake.

Jeshi la Wajerumani hapa kwetu lilijengwa juu ya kombania. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza zilikuwepo 14, kila moja na askari wake, wapagazi wake na bombomu zake, kwa kawaida 2 au zaidi. Porini, ambako jicho halifiki mbali, mpango huo ulifaa sana. Kiongozi wa kombania hakuwa na wa kumwomba. Silaha ilikuwa pembeni yake.

Ufaransa, Waingereza walielekea njia nyingine kabisa. Divisheni yao ya mwaka 1914 ilikuwa na watu kama 18,000 katika batalioni 12, na kila batalioni ilikuwa na bombomu 2. Yaani 24 kwa divisheni nzima! Mapema mwaka 1915 kila batalioni iliongezewa, zikawa 4. Kisha, Oktoba mwaka huohuo, kikaundwa kikosi maalumu cha jeshi kwa ajili ya silaha hiyo peke yake. Bombomu nzito za Vickers zikaondolewa kwenye batalioni na kukusanywa katika kombania za brigedi, 16 kwa kila kombania. Batalioni zikapewa Lewis, rashasha nyepesi ya kama kilo 13 ambayo mtu mmoja aliweza kukimbia nayo.

Kwa nini kumnyang'anya kamanda silaha katikati ya vita? Tuiangalie Vickers kwa karibu. Mtutu wake umezungukwa na pipa la maji, lita 4 na kitu, maana bila maji chuma kingeungua. Maji yakichemka, mvuke hupita kwenye mpira hadi kwenye debe dogo, ugeuke maji tena, na adui asiuone ukipanda. Wahudumu ni 6. Wa kwanza hubeba miguu mitatu na ndiye mpigaji. Wa pili hubeba bombomu yenyewe na kuulisha mkanda wa risasi 250. Waliobaki huleta masanduku ya risasi na maji. Silaha ya namna hii haikimbizani na askari wa mstari wa mbele. Lakini ukiziweka nyingi nyuma, ukapima ramani na kukokotoa pembe, zinaweza kurusha risasi juu ya vichwa vya wenzako zikaangukie njia ambayo adui anapitisha chakula na askari wa akiba. Wakanada walifanya hivyo huko Vimy, Ufaransa, Aprili 1917. Hesabu ya aina hiyo haiwezekani ikiwa bombomu mbili ziko kwa huyu na mbili kwa yule. Ndiyo maana mapema mwaka 1918 kombania 4 za kila divisheni ziliunganishwa kuwa batalioni moja ya bombomu 64. Wakati huo divisheni ilikuwa imepunguzwa hadi batalioni 9 za askari wa miguu, lakini ilikuwa na Lewis zaidi ya 300.

Mizinga ya makombora nayo iligawanywa kwa uzito. Mikubwa ilishikwa na wanamizinga wa divisheni. Mdogo, uliobuniwa na mhandisi Wilfred Stokes mwaka 1915, ukawa wa askari wa miguu wenyewe, 8 kwa kila brigedi. Ulikuwa bomba, bamba la chini na miguu miwili: kombora linaachiwa mdomoni, linateleza, linagonga msumari, linaruka. Askari wa handakini waliupenda na kuuogopa kwa pamoja. Wahudumu wake walipiga haraka, wakabeba vyao wakahama, na majibu ya adui yakamwangukia aliyebaki pale.

Stokes ilifika hata Afrika Mashariki, mikononi mwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, miaka ya mwisho ya kampeni ya kusini. Na hapa ndipo hesabu ya divisheni inapoacha kuwa ya karatasini. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25. Vickers na miguu yake, kabla ya maji, inakaribia kilo 40. Sanduku moja la mkanda wa risasi 250 ni kama kilo 10, na mkanda huo huisha kwa nusu dakika tu ukipigwa mfululizo. Mtu aliyetembea siku nyingi na masanduku mawili kichwani, akila posho isiyotosha, alikuwa amebeba dakika moja ya vita. Ufaransa mzigo huo ulisafiri kwa reli, gari na farasi. Huku mbung'o waliua wanyama, ukabaki shingoni na mabegani mwa watu.

London ipo sanamu ya kikosi cha bombomu, na pembeni zimewekwa Vickers mbili zilizofunikwa shaba. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Ukipita pale, simama kidogo umtazame.