Mombasa kwa familia: Pa kuwapeleka watoto wanaoiona bahari mara ya kwanza

KATIKA eneo la Siongiroi, Kaunti ya Bomet, mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuiona bahari ila kwenye picha ya kitabu. Likizo ya Desemba ikifika, mzazi aliyeweka akiba ya mauzo ya maziwa mwaka mzima huwa na siku tatu au nne tu za kumwonyesha Mombasa, na aghalabu siku hizo zote huishia ufuoni.

Hiyo ni hasara, kwani kisiwa hicho kina mengi ya kumfunza mtoto kwa gharama ndogo.

Pa kuanzia ni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaoelekeana na mlango wa bandari ya kale. Wakenya hutozwa ada nafuu kuliko wageni, hivyo mzazi asisahau kitambulisho.

Watoto hukimbilia mizinga. Hata hivyo, kisa kinachofaa kusimuliwa hapo ni cha Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno, naye akiwa bado mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa na kulelewa na watawa. Walimrejesha Mombasa kutawala wakidhani wamempata mtu wao.

Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni wa Wareno na kuuteka mji. Wareno walikuja kumzingira mwaka uliofuata wakashindwa, lakini baadaye Yusuf aliuacha mji na kuingia baharini, nao wakarudi kuimiliki ngome. Kijana wa miaka 12 atakielewa kisa hicho vyema kuliko orodha ya tarehe.

Kisha walikuja Waomani, waliouzingira mji kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi yakawamaliza wengi waliokuwa ndani. Baadhi ya vitu vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, vimewekwa katika makumbusho yaliyomo humo. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliitangaza kuwa turathi ya dunia.

Ni vyema kufika asubuhi. Mtoto aliyezoea baridi ya nyanda za juu huchoka upesi kwa jua la saa saba.

Kutoka ngomeni ni hatua chache tu hadi vichochoro vya Mji wa Kale, penye milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Hapo watu wanaishi, si maonyesho. Mgeni avae kwa heshima na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Siku ya pili iwe ya Haller Park, Bamburi. Yalikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu, hadi Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yake hayakuoza mpaka alipoleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Familia ya wakulima haitahitaji maelezo zaidi.

Huko ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi Desemba 2004, akamfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mzazi wake. Twiga hulishwa alasiri, na watoto huruhusiwa kuwapa chakula kwa mkono.

Kivuko cha Likoni hakiwatozi waendao kwa miguu nauli. Msongamano wa asubuhi na jioni uepukwe, adhuhuri panapitika. Jioni, bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ina mibuyu, madafu, kachiri za muhogo, na meli zipitazo karibu zikielekea Kilindini.

Bahari yenyewe ina taratibu zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida. Anayejua kuogelea mtoni asidhani anaijua bahari. Wenyeji waulizwe saa za maji, na mtoto asiachwe peke yake hata kwenye maji ya magotini.

Jambo jingine ni malaria. Watoto wa nyanda za juu hawana kinga ya kutosha, kwa hivyo walale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikizuka hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, daktari aelezwe kwamba mtoto alikuwa pwani.

Tangu 2017 treni ya Madaraka Express huifikisha familia Miritini kutoka Nairobi kwa saa tano au sita, na watoto wakikaa dirishani huenda wakawaona ndovu wa Tsavo. Tikiti za Desemba huisha mapema, za kurudi hasa.