Ujanibishaji wa mhusika: shujaa wa katuni afikapo Daudi

Kwa Kiingereza huitwa "fan art". Ni mchoro, kinyago au vazi ambalo mpenzi wa hadithi analitengeneza kwa kumtumia mhusika aliyebuniwa na mwingine. Kiswahili hakikusubiri kikao cha istilahi. Watu wanasema sanaa ya mashabiki, na neno limekaa vizuri. Shabiki ni yuleyule wa Simba na Yanga, mwenye mapenzi yasiyofichika.

Ndani ya sanaa hiyo, hata hivyo, kuna kazi moja ambayo bado haina jina. Shabiki anamchukua shujaa wa kike wa katuni za Marekani, anamchora kana kwamba alizaliwa na kulelewa Samoa, Tonga au Hawaii. Wengine wanaiita kubuni upya, lakini hilo ni pana mno, kwani hata kumbadilishia viatu ni kubuni upya. Napendekeza ujanibishaji wa mhusika. Wafasiri na watengenezaji wa programu za kompyuta wanalo neno hili tayari. Janibu ni upande, ni eneo. Kitu kimejanibishwa pale mwenyeji anapokitumia bila kuhisi ugeni.

Neno hili linafaa kwa sababu linadai kazi. Ukimvika shujaa tapa, kile kitambaa cha magome ya mti yaliyopondwa ambacho Wasamoa hukiita siapo na Watonga ngatu, umebadilisha vazi tu. Vivyo hivyo kwa chale. Miongoni mwa Wamaori, moko kauae inayochorwa kwenye kidevu cha mwanamke hueleza ukoo wake, kwa hiyo anayeinakili kwa kuwa inapendeza amenakili nasaba ya mtu. Kampuni ya Disney ililiona hilo mwaka 2016, filamu ya Moana ilipokaribia kutoka. Iliuza vazi la watoto la mhusika Maui, lenye ngozi ya kahawia na chale zake. Watu wa Polinesia walilalamika, na vazi likaondolewa sokoni.

Kwetu mfano wa karibu ni Storm, shujaa wa kike wa kampuni ya katuni ya Marvel, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Jina lake halisi ni Ororo, mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na kabla ya kujiunga na kundi la mashujaa la X-Men aliabudiwa Afrika Mashariki kama mungu wa mvua. Katika hadithi jina hilo linaelezwa kuwa na maana ya uzuri. Msomaji wa Kiswahili anasikia kitu kingine: ororo ni laini. Huyu ni shujaa aliyepewa kwao bila kujanibishwa. Ana Kenya kwenye wasifu, hana Kenya mwilini.

Sasa mlete Storm katika kata ya Daudi, kwenye nyanda za juu za Mbulu nchini Tanzania, kwa Wairaqw. Vazi lipo, tena la fahari: sketi ya ngozi iliyotariziwa shanga, ambayo zamani wasichana waliishona wakiwa utawani katika marmo, unyago wao uliokoma enzi za Waingereza. Sketi zilizosalia zimehifadhiwa katika makumbusho. Mchoraji azitazame kwa makini, kwa sababu ukisogea upande wa Hanang utakuta sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kibarbaig, yenye vipande vyembamba vingi vinavyoning'inia. Hizo ni sketi za watu wawili tofauti, wenye lugha tofauti. Kuzichanganya katika mchoro mmoja ni kosa kubwa kuliko kumwachia Storm joho lake.

Baada ya vazi kuna nguvu zake, na hapo ndipo penye utajiri. Katika imani ya jadi ya Wairaqw, mungu Looaa, mwenye jina moja na jua, ni wa kike na ni mwema kwa watu. Netlangw ni roho wa kiume, hukaa kwenye chemchemi na mito, na huogopwa. Storm wa Marekani anaamuru mawingu peke yake. Storm wa Daudi atalazimika kuwa na upande: je, anatumwa na Looaa, au anasuluhisha kati ya chemchemi na jua? Swali hilo likijibiwa, mhusika anabadilika tangu ndani, na mchoro unapata hadithi.

Tena mvua ya huko si pambo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Anayemchora mwanamke wa mvua juu ya mlima ule anachora mbele ya waliofiwa. Naona anapaswa kumpa kazi ya kuizuia mvua, si ya kuishusha kwa madaha.

 

Limebaki suala la umiliki. Storm ni mali ya Marvel, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nchini Tanzania ina sehemu inayolinda sanaajadi, kwa hiyo nakshi za sketi nazo haziokotwi. Chini ya mchoro kama huo ningependa kusoma maelezo mafupi: sanaa ya shabiki, mhusika wa Marvel, amejanibishwa Daudi kwa nakshi za Wairaqw.