Ng'ambo ya Fremu: Timbwani katika Picha Ndogo za Ramani za Vita

Mwaka 1572, katika mji wa Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia. Ukurasa mmoja wa juzuu hiyo umebeba miji minne. Aden imepewa sehemu kubwa ya juu. Chini yake, katika visanduku vitatu vidogo, zimo Mombasa, Kilwa na Sofala. Wachapishaji hao hawakuwahi kutia mguu Pwani. Walitumia habari na michoro iliyofikishwa Ulaya na wasafiri, wakamkalisha mtazamaji baharini, mahali pa nahodha anayekaribia bandari, ili akitupa jicho mara moja ajue mji ni wa namna gani.

Kijana anayefungua gemu ya mikakati leo hukutana na picha ya ukoo huo huo. Kabla hajachagua uwanja wa vita, orodha ya ramani humletea kionjo: mraba mdogo wenye bahari ya buluu, nchi ya kijani, na vidoa vya rangi vinavyoonyesha kila mchezaji ataanzia wapi. Nyingi kati ya ramani hizo hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na zipo programu ambazo kazi yake ni moja tu: kuisoma faili ya ramani na kuitolea picha hiyo. Nataka kuifuata safari ya picha hizi kutoka Timbwani, wadi ya Likoni iliyo kusini mwa mlango wa Kilindini, kwa sababu aliye ng'ambo ndiye aonaye vizuri fremu imekata wapi.

Baada ya Cologne, picha za Mombasa zikawa mali ya wenye mizinga. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye walikuwa wamembatiza na kumwita Dom Jerónimo, aliwageuka akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata akaihama, nao wakairudia. Si ajabu basi kwamba mwaka 1635, António Bocarro alipokamilisha huko Goa kitabu cha mipango ya ngome za Ureno za mashariki, Mombasa ilikuwemo. Picha za kitabu hicho zilichorwa na Pedro Barreto de Resende. Mfalme aliyepelekewa hakuwahi kuiona Bahari ya Hindi. Mombasa aliyoijua ni ile karatasi iliyopakwa rangi, na kwa karatasi hiyo alitakiwa aamue askari wangapi wapelekwe na fedha kiasi gani zitumike. Katika michoro ya aina hii ngome huwa ndiyo mwenye picha: hukuzwa kupita kipimo chake, na nchi inayoizunguka huachiwa nafasi iliyobaki.

Kivita, kosa hilo ni zito. Mwaka 1589 Mombasa iliangamizwa na waliokuwa bara pamoja na waliotoka baharini. Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kivuko cha Makupa wakati Mreno Tomé de Sousa Coutinho alipofika na merikebu zake kumwandama Mturuki Ali Bey. Wareno wakawaachia Wazimba wavuke, na watu wa kisiwani wakajikuta hawana pa kukimbilia. Mtu akiichora Mombasa bila vivuko vyake, amechora mji ambao hauwezi kuelezwa uliangukaje.

Picha iliyorekebisha mambo ililetwa na bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina cha maji. Februari 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliingia Mombasa na merikebu Leven, katikati ya safari ndefu ya kupima pwani ya Afrika ambayo homa iliwaua wengi wa mabaharia wake. Wamazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa na kumhofia Sayyid Said wa Oman, walimwomba ulinzi, naye akaukubali. Ulidumu hadi 1826. Siasa hiyo imeandikwa sana. Mimi nashangazwa zaidi na kazi ya mikono: mashua zikienda mbele polepole, bildi ikishushwa, pima zikihesabiwa kwa sauti na kuandikwa. Ramani ya namna hiyo haimwoneshi mtu majumba. Humwonesha namba zilizotawanyika juu ya maji, na kwa namba hizo mlango wa Kilindini ulijulikana kuwa na thamani zaidi kuliko bandari ya zamani iliyo chini ya ngome. Kwa mara ya kwanza ufuo wa Likoni ukawa na kazi ndani ya picha, kwani mlango una kingo mbili, na ukingo wa kusini ni huu wetu. Luteni John James Reitz, kijana aliyeachwa na Owen kushika usimamizi, alikufa mwaka huo huo wa 1824. Jina lake lilibaki kwenye ghuba iliyo kati ya Changamwe na Mtongwe, Port Reitz.

Mwaka huo wa 1824, mbali sana na Kilindini, ofisa wa Prussia Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita ulioitwa Kriegsspiel. Kabla yake michezo mingi ya namna hiyo ilichezwa juu ya ubao wa miraba, kama sataranji. Reisswitz akaweka ramani halisi ya nchi, kwa kipimo cha 1 kwa 8,000, na vipande vya kuwakilisha vikosi juu yake. Kilima kikawa kilima na mto ukawa kizuizi. Gemu nyingi za mikakati tunazocheza kwenye kompyuta zimetokana na wazo hilo, na wazo hilo lilitegemea kazi ya wapimaji.

Karne ya ishirini niipite haraka. Kilindini ikapata gati za kina kirefu, feri ya Likoni ikaanza 1937, na mwaka 1942 kikosi cha mashariki cha wanamaji wa Uingereza kikahamia Kilindini baada ya Wajapani kushambulia Ceylon. Pima za bildi ndizo zilizofanya jambo hilo liwezekane.

Gemu za kompyuta zilipokuja na vihariri vyake vya ramani, kila mchezaji akawa Resende. Age of Empires ilitoka na kihariri mwaka 1997, StarCraft mwaka 1998. Katika Red Alert 2 ya mwaka 2000, kionjo hubanwa na kuhifadhiwa ndani ya faili ya ramani yenyewe, kwa hiyo wachezaji wakaandika programu za kuichora ramani nzima kwa ukubwa wake kamili, kuipunguza, kisha kuirudisha humo. Warcraft III ya 2002 ilimruhusu mtengenezaji kuweka picha yake mwenyewe ya pikseli 256 kwa 256. Nyongeza ya Age of Empires II ya mwaka 2015 iliyohusu Afrika ina kampeni nzima ya Francisco de Almeida, Mreno aliyeichoma Mombasa mwaka 1505. Inaniuma kwamba hadithi ya miji yetu iliingia katika gemu hiyo ikiwa imeshikwa na mkono wake.

Ndani yake programu hizi si fumbo. Ramani ya gemu ni jedwali la vigae: hiki maji, hiki mchanga, hiki msitu. Programu hukipa kila kigae rangi, huongeza kivuli mahali nchi inapoinuka, kwa desturi mwanga ukitokea juu kushoto, kisha huipunguza picha. Hapo kwenye kupunguza ndipo nchi hupotea. Njia moja huchukua pikseli moja katika kila kundi na kuzitupa nyingine. Ni ya haraka, lakini njia nyembamba au kijito huweza kutoweka chote. Njia nyingine huchanganya rangi za kundi zima, na kijito chenye mikoko kikawa ukungu wa kijani na buluu.

Tuihesabu kwa Mombasa. Chukua mraba wa kilomita 20, kuanzia Changamwe hadi bahari kuu, unaozizunguka Kisauni na Likoni, uutie katika pikseli 256. Kila pikseli inabeba mita 78 hivi. Maji ya kivuko cha Likoni, yenye upana wa takriban mita 500, yanapata pikseli sita. Feri yenyewe, inayobeba maisha ya kila siku ya watu wa Timbwani, haipati hata moja. Ndiyo maana wengi hukaza fremu juu ya kisiwa: ngome inaonekana, mitaa inaonekana, picha inapendeza. Bara inabaki pambizo la kijani, na mchezaji hana sababu ya kutuma kikosi huko.

Data ya kuchora vizuri ipo bure. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na vipimo vyake vya mita 30 mtu yeyote anaweza kuvipakua na kuvifungua katika programu ya ramani ya QGIS. Lakini Timbwani ni jiwe la matumbawe lililo chini, tambarare. Kivuli cha milima hakiisaidii, na programu ikiachiwa kivuli peke yake hutoa kiraka kisicho na sura. Rada hiyo pia haikuona chini ya maji. Bahari yote imelazwa sawasawa, mlango wa Kilindini pamoja na miamba inayoukingia, kana kwamba jahazi lingeweza kupita popote.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza ramani ya Mombasa inayochezeka, rai yangu ni hii. Aiache ngome, aweke kitovu cha fremu kwenye maji ya Likoni. Kisiwa kitabaki na robo tu ya upana wa picha, na kinatosha. Nchi kavu aitoe kwenye rada, kina cha maji akitoe kwenye ramani za mabaharia, na miamba aitie kwa mkono, kigae kwa kigae, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua merikebu ipite wapi. Vivuko vya Makupa na Likoni avipanue kidogo kuliko kipimo chake halisi ili visimezwe. Kidoa kimoja cha kuanzia akiweke Kisauni, kingine Changamwe, kingine Timbwani. Akishamaliza hayo yote ndipo aiachie programu ipunguze.