Kumbukumbu na hifadhi (istilahi za kompyuta)
Kumbukumbu nm [i-/zi-] (pia *memori*) ni sehemu inayoshikilia kazi inayoendelea. Umeme ukikatika, yaliyomo hupotea. Hifadhi nm [i-/zi-] ni diski inayotunza mafaili hata kompyuta inapozimwa. Istilahi hizi huchanganywa kwa kuwa zote hupimwa kwa gigabaiti, na kwa kuwa *memori kadi* ya simu, licha ya jina lake, ni hifadhi.

Kompyuta ikizorota programu nyingi zinapofunguliwa pamoja, aghalabu kumbukumbu haitoshi. Ikikataa kupokea faili jipya kwa kukosa nafasi, hifadhi imejaa. Mfasiri akiandika "ongeza kumbukumbu" ilhali diski ndiyo iliyojaa, msomaji atanunua kifaa kisichomfaa.

*Mfano:* Kompyuta hii ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hifadhi ya gigabaiti 256.