Sloti Tano za 1981: Unafuu wa Kompyuta ya Gemu Ulianzia Wapi

Anayetaka kuunganisha kompyuta ya gemu ya nyumbani kwa pesa kidogo huanza kwa kuuliza kadi gani ya picha ina nguvu zaidi, prosesa ipi inakimbia kuliko nyingine za bei yake, na RAM kiasi gani itatosha. Ni maswali ya haki, lakini historia ya mashine hii inayaweka nafasi ya pili. Kwa zaidi ya miaka 40, kompyuta ya gemu imekuwa nafuu pale tu palipokuwa na makubaliano ya wazi kuhusu namna vipuri vinavyokutana: umbo la soketi, mpangilio wa pini, urefu wa kadi, matundu ya skrubu. Makubaliano hayo yalipoheshimiwa, mnunuzi alibadilisha kipuri kimoja na kubaki na vingine vyote. Kampuni ilipoyafunga, hata kipuri cha bei ya chini kiligeuka ghali, kwa kuwa kilidai mashine nzima inunuliwe upya. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye bajeti ndogo lihusu kile kitakachobaki, kabla ya kile kinachong'aa leo.

Tuanzie pale utaratibu huu ulipopata soko kubwa. IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981 kwa bei ya kuanzia dola 1,565. Kwa pesa hizo mtu alipata prosesa ya Intel 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77 na kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila kiendeshi cha diski wala skrini. Haikuwa mashine ya mtu wa kipato kidogo. Lakini ndani ya kasha lake mlikuwa na sloti tano za kuchomeka kadi. Timu ya Boca Raton, Florida, iliyokuja kuongozwa na Don Estridge, ilikuwa na takriban mwaka mmoja tu wa kuikamilisha kazi, muda usiotosha kubuni kila kitu ndani ya kampuni. Prosesa wakainunua kwa Intel, mfumo endeshi wakauchukua kwa Microsoft. Wakachapisha pia kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi na maandishi kamili ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza kadi za kuchomeka humo. Wazo lenyewe halikuwa geni: Altair 8800 ya mwaka 1975 ilijengwa kwa kadi za kuchomeka, na Apple II ya 1977 ilikuwa na sloti nane ambazo Steve Wozniak alizipigania. Kipya kilikuwa jina la IBM, lililoifanya kila ofisi iuamini mpango huo.

Kufuli pekee la maana lililobaki lilikuwa hakimiliki ya BIOS. Compaq, kampuni changa ya Houston, ililifungua kwa njia halali: wahandisi ambao hawakuwahi kuyasoma maandishi ya IBM waliandika BIOS yao wenyewe inayofanya kazi zilezile. Mashine yao ya kubebeka ilitangazwa Novemba 1982, na mwaka 1983 pekee mauzo ya kampuni yalifika dola milioni 111. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS ya aina hiyo, na viwanda vingi, hasa vya Taiwan, vikaingia sokoni. IBM ilijaribu kuufunga mlango mwaka 1987 kwa mashine za PS/2 zenye sloti mpya. Kiufundi sloti hizo zilikuwa bora: zilipitisha data kwa kasi zaidi, na kadi zilijitambulisha zenyewe bila fundi kuhangaika na swichi ndogondogo. Tatizo ni kwamba kadi za zamani hazikuingia, na aliyetaka kutengeneza mashine za aina hiyo alidaiwa ada. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq ikiwa mbele, zilitangaza sloti yao iliyozipokea kadi za zamani. Majumbani hakuna iliyotawala kati ya hizo mbili. Sloti ya kale iliendelea kutumika hadi PCI ya Intel, iliyotoka 1992, ilipoenea na kukaa nayo ubavu kwa ubavu kwenye ubao mama mmoja, yaani bao kuu la mashine. Sloti bora kiufundi ilishindwa kwa sababu haikuheshimu pesa ambayo mnunuzi alikwisha kuitoa.

Gemu ndizo zilizoonyesha thamani ya jambo hili nyumbani. Kompyuta ya ofisi ya miaka ya 1980 ilitoa sauti kwa kispika kidogo kilichojua kupiga mlio tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya Sound Blaster, iliyoweza kucheza muziki wote ulioandikwa kwa kadi iliyoitangulia ya AdLib, ikaongeza sauti zilizorekodiwa na tundu la kuchomeka usukani wa gemu. Mwenye mashine ya zamani alihitaji sloti moja tupu tu. Gemu ya Doom ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, ilitaka angalau prosesa ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4, na familia nyingi zilizopungukiwa zingeweza kuongeza kumbukumbu peke yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx, ya mwaka 1996. Kadi hiyo haikuweza hata kuonyesha maandishi ya kawaida kwenye skrini. Kazi yake ilikuwa picha za pande tatu, basi. Kebo fupi ilitoka kwenye kadi ya zamani na kuingia nyuma ya Voodoo, kisha kebo ya skrini ikachomekwa hapo. Gemu ilipoanza, Voodoo ilishika zamu. Gemu ilipokwisha, kadi ya zamani iliendelea na kazi zake. Hakuna kilichotupwa.

Kampuni hiyohiyo ikatoa ushahidi wa upande wa pili. Mwanzoni 3dfx iliuza chipu zake kwa watengenezaji mbalimbali wa kadi, nao wakashindana kwa bei. Desemba 1998 ikatangaza kuinunua kampuni ya STB ili itengeneze kadi zake yenyewe, na wateja wake wa jana wakageukia chipu za washindani, hasa Nvidia. Miaka miwili baadaye, Desemba 2000, ilitangaza kuiuzia Nvidia mali zake. Kuchelewa kwa bidhaa zake kulichangia sana, na si haki kuutwisha uamuzi mmoja lawama yote. Hata hivyo, kampuni iliyokua kwa kuuza kipuri kinachoingia kwenye mashine ya kila mtu ilidhoofika baada ya kuwafungia mlango waliokisambaza.

Katika miaka hiyohiyo vita vilihamia kwenye soketi ya prosesa. Soketi 7 ya Intel ilipokea prosesa za Pentium, na pia za AMD na Cyrix, hivyo bao moja liliweza kutumika kwa chipu za kampuni tatu. Mwaka 1997 Intel ilihamia na Pentium II kwenye Sloti 1, ambayo washindani hawakuruhusiwa kuitumia. AMD ikabaki kwenye soketi ya zamani, ikaiongezea kasi, na mwaka 1998 ikatoa prosesa ya K6-2 kwa wanunuzi wa bajeti ndogo. Shinikizo la chipu za bei ya chini liliifanya Intel itoe prosesa ya Celeron, na toleo la 300A la Agosti mwaka huo, la takriban dola 150, likapata sifa kubwa kwa wacheza gemu: ukipandisha kasi ya njia ya data ya bao kutoka megahezi 66 hadi 100, chipu nyingi za aina hiyo zilikimbia kwa megahezi 450 badala ya 300. Angalia kilichowezesha hilo. Chipu ilikuwa rahisi, lakini bila ubao mama ulioruhusu mpangilio huo isingefika popote. Pembeni ya vurugu hiyo kulikuwa na mapatano ya kimyakimya yaliyodumu kuliko yote: vipimo vya ATX, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, vilivyopanga ukubwa wa bao, mahali pa skrubu na umbo la pawasaplai. Kasha lisilovutia kutazama lakini lenye vipimo hivyo linaweza kubeba ubao mama uliotoka kiwandani mwaka huu.

Kuna mapingamizi matatu yanayostahili majibu. La kwanza ni la hesabu: kwa nini kuhangaika na vipuri wakati PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013 kwa dola 399, na kompyuta ya nguvu hiyo ilikuwa vigumu kuunganishwa kwa pesa hizo? Pingamizi hili lina uzito, na kwa nyumba inayotaka kucheza tu, tena kwa malipo ya mara moja, mashine ya gemu ni chaguo la busara. Ila bei yake ya chini hulipwa baadaye kupitia gemu na ada za kucheza mtandaoni, na haiandiki barua ya kazi wala kumsaidia mtoto na masomo. Nyumba inayohitaji kompyuta kwa vyovyote vile hulinganisha gharama ya kadi moja ya kuongeza na gharama ya mashine nzima ya pili. Hapo hesabu hubadilika.

Pingamizi la pili linasema kwamba kuboresha ni ndoto: ukifika wakati wa kubadilisha prosesa, soketi imebadilika, RAM imebadilika, na unanunua vyote upya. Mara nyingi imekuwa hivyo kweli. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8 zenye idadi ileile ya pini 1,151 kama zile za 2015, lakini hazikufanya kazi kwenye mabao ya zamani. Upande wa pili kuna soketi ya AM4 ya AMD. Ilianza mwaka 2016, ikapokea prosesa za kwanza za Ryzen Machi 2017, na Aprili 2022 ilikuwa bado inaletewa Ryzen 7 5800X3D, moja ya prosesa bora kwa gemu wakati huo. Mwendo huo haukuwa zawadi. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mabao ya kizazi kilichotangulia hayatapokea Ryzen za toleo lililokuwa likisubiriwa, ikitaja udogo wa chipu inayohifadhi BIOS. Wanunuzi wakalalamika kwa nguvu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikageuza uamuzi. Mafundisho ni mawili: soketi inayodumu inawezekana, na hudumu zaidi wanunuzi wanapoidai. Asiyeiamini ahadi ya kampuni anunue kwa kuangalia prosesa zenye nguvu zaidi ambazo bao linazipokea leo hii, kisha aanze na ya chini kati ya hizo.

Pingamizi la tatu ni la kiufundi: vipuri vilivyochomelewa pamoja hutumia umeme kidogo, kama Apple ilivyoonyesha mwaka 2020 kwa chipu ya M1 yenye kumbukumbu iliyofungwa nayo pamoja. Kwa kompyuta ya mkononi inayotegemea betri, hoja hiyo ina nguvu. Kwa mashine ya mezani inayochomekwa ukutani, faida hiyo hulipiwa kwa kupoteza uwezo wa kuongeza chochote. Wala uwazi haujazuia maendeleo: sloti ya PCI Express, iliyotoka 2003, imeongezewa kasi toleo hadi toleo huku ikiendelea kuzipokea kadi za matoleo ya nyuma.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, historia hii ndiyo inayoeleza soko lililo mbele yake. Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo na kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zinaweza kucheza gemu kwa sababu ya kipimo kimoja: sloti kubwa ya PCI Express inaruhusiwa kuipa kadi ya picha hadi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ilibuniwa ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Hapohapo pana mtego. Mashine nyingi za ofisi zina pawasaplai za kiwanda chao wenyewe. Fungua kasha utazame plagi kubwa inayoingia kwenye ubao mama: ikiwa na pini 24 za ATX, pawasaplai ya dukani kwa kawaida itakubali, ikiwa na pini chache za aina yake, siku utakayotaka kadi kubwa utakwama. Pima pia upana wa kasha, maana lile jembamba hukataa kadi za kimo cha kawaida. Kasha lenye vipimo vya wazi humpa mwenye pesa kidogo hata uwezo wa kungoja. Kati ya 2020 na 2022, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walipochangia kupandisha bei za kadi, aliyekuwa na mashine ya wazi aliendelea na kadi ya zamani hadi sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022 na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Mpangilio wa manunuzi basi unajipanga wenyewe. Anza na kasha na pawasaplai za vipimo vya ATX, na pawasaplai iwe na wati za akiba. Fuata ubao mama wenye soketi inayopokea prosesa bora kuliko utakayoanza nayo, na nafasi nne za RAM ukijaza mbili. Prosesa na kadi ya picha vije mwisho, kwa kiasi cha pesa kilichobaki, kwa kuwa ndivyo vitakavyobadilishwa kwanza. Atakayefuata njia hii atapata mashine dhaifu kidogo mwaka wa kwanza kuliko jirani aliyemaliza pesa zote kwenye kadi, lakini atakuwa na mahali pa kuongeza. Na akikuta soketi imefungwa bila sababu ya kiufundi, alalamike na apeleke pesa zake kwingine. Unafuu huu ulipatikana kwa wanunuzi na washindani kukataa kufungiwa, na utalindwa kwa njia hiyohiyo.